Mtama Nilioupikia Mpira

Jumapili ya tarehe ishirini na moja Januari, mwaka 2024, nilipoteza mtama wa mwisho alioupanda mume wangu. Ulikuwa gunia moja. Haukuibiwa, haukuliwa na panya, wala haukuloa mvua. Niliupika pombe mimi mwenyewe, kwa ajili ya mpira.

Kwenye ukoo wa mume wangu jambo hili limekwisha kusimuliwa kwa namna nyingi. Wapo wanaosema niliuza mtama. Wapo wanaosema niliunywa na wanaume. Mimi naandika ilivyokuwa.

Sisi tulikaa Ipuli, hapa hapa Tabora mjini, lakini shamba la mume wangu lilikuwa Goweko, ekari moja na nusu aliyoachiwa na baba yake. Kila mvua zilipoanza alipanda treni na jembe lake limefungwa kwenye mfuko wa salfeti, akakaa huko wiki tatu, nne, akarudi amekonda. Mara ya mwisho kupanda ilikuwa Desemba 2022, siku zile za Kombe la Dunia. Wenzake walikuwa wamekaa mbele ya televisheni tangu mchana. Yeye alitundika redio ndogo kwenye kisiki, akapanda mtama huku akisikiliza. Aliporudi alinieleza magoli yote kana kwamba aliyaona, na mistari ya mtama aliyopanda kati ya goli na goli.

Februari alishikwa na homa. Siku ya tano alifariki. Mtama ulikuwa umefika kiunoni.

Ndugu yake mkubwa, ambaye mimi namwita shemeji, aliupalilia, akawinga ndege, akauvuna mwezi wa sita. Akaniletea gunia moja, akalishusha mwenyewe kutoka kwenye baiskeli aliyoikodi pale stesheni, akaliingiza ndani kwangu. Mtama mwekundu, punje ndogo ngumu.

“Shemeji,” akaniambia, “huu usiuguse mpaka siku yenyewe.”

“Nitaugusa wa nini?” nikamjibu.

Siku yenyewe ni siku ya kumaliza msiba. Kwao, mtu mzima akifa, mwaka ukitimia hupikwa pombe ya mtama aliolima mwenyewe, kama aliacha chochote shambani. Ndugu wanakwenda kaburini. Katekista anasali, na akishafunga sala anaondoka mapema, maana anajua kinachofuata na hataki kukiona. Kisha mkubwa wa ukoo anamwaga pombe kidogo juu ya kaburi, anamwambia marehemu kwamba kazi ya mikono yake imefika nyumbani na watu wameinywa. Baada ya hapo mjane anavuliwa nguo nyeusi. Mtama wa kununua haufai. Wanasema ni kumwamsha mtu usingizini na kumpa jasho la mtu mwingine.

Haya yote niliyajua. Sikuwa mgeni wa ukoo ule, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu ndani yake.

Kazi yangu ni pombe ya kienyeji. Nina kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, mabenchi manne na mapipa, watu wanapaita kilabuni. Pombe ya mtama ni kama maziwa, ina siku yake. Ikiiva leo mchana inywewe leo, ikizidi sana kesho asubuhi. Kesho jioni imekuwa siki. Kwa hiyo mpishi wa pombe kazi yake si kupika tu, ni kujua wiki moja kabla nani atakuwa na kiu na siku gani. Mimi nilijisifu kwa hilo. Nilijua siku za malipo ya vibarua wa ujenzi, nilijua siku ya mnada, nilijua wiki ambayo wenye tumbaku wanatoka vijijini na fedha zao.

Lakini mpira ulinidanganya, na ulianza kunidanganya mwaka 2019.

Mwaka ule timu yetu ya taifa ilikwenda Kombe la Afrika kule Misri. Ilikuwa mwezi wa sita. Mume wangu alitundika redio juu ya nguzo ya kilabu, akaniambia nipike pipa zima. Nikamwambia pipa zima litaniharibikia. Akasema, “Wewe pika, mimi ndiye nitakayemwaga.” Watu walijaa mpaka kwenye ua wa jirani. Pombe iliisha kabla ya mapumziko. Walikula matobolwa yote, vile viazi vitamu vikavu nilivyokuwa nimechemsha, wakala na karanga, wakaniuliza kama sina hata ukoko wa ugali. Timu ilifungwa. Nikadhani watanuna na kwenda zao. Wapi! Walikunywa zaidi kwa uchungu, wakaleta pombe kutoka kilabu cha pili wakainywea kwangu. Mume wangu alicheka akisema, “Unaona? Wakishinda wanakunywa, wakifungwa wanakunywa. Hii biashara haina hasara.”

Neno hilo nililihifadhi. Sikuhifadhi jingine ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu: wanaume waliojaa siku ile nusu yao walikuwa wametoka Urambo na vijiji vya Uyui, wamelipwa tumbaku, wana fedha mfukoni na mashamba yamekwisha vunwa. Nilidhani ni mpira uliowaleta. Ilikuwa tumbaku.

Basi ilipofika Januari 2024 timu ikaenda tena Kombe la Afrika, safari hii Ivory Coast. Mimi nilikuwa na nguo nyeusi, gunia la mtama ndani, na siku ya kumaliza msiba imepangwa Jumamosi ya pili ya Februari. Gunia lilikuwepo lakini vingine vyote havikuwepo. Watu wa Goweko wangekuja kumi na wawili au zaidi. Nilitaka walau mbuzi. Nilitaka mchele. Mume wangu alipozikwa watu walikula ugali na maharage yasiyoiva vizuri, na mawifi zangu walilisema hilo mwaka mzima. Sikutaka kulisikia mwaka wa pili.

Januari kilabu kilikuwa kimepoa. Huo ni mwezi wa jembe na sare za shule. Mtu anakuja, anasalimia, anakaa kwenye benchi saa nzima na kopo moja, anaondoka.

Aliyekuwa anakuja kila siku ni fundi baiskeli wa hapo njia panda. Yeye ndiye aliyenikumbusha 2019. Nasema alinikumbusha, sisemi alinishauri. Kosa silipeleki kwake.

“Mama, Jumapili ya Zambia umejiandaa?” akaniuliza.

“Nimejiandaa nini, mimi mchezaji?”

“Unacheza namba ya pombe! Siku hiyo uwe na mapipa mawili. Zambia tunawafunga mchana kweupe.”

“Si mpira ni saa mbili usiku?”

“Ndiyo ujue watakavyofungwa! Mpaka wao wataona ni mchana.”

Watu watatu waliokuwepo walicheka, nami nikacheka. Baadaye, nikiosha makopo, nikaanza kupiga hesabu kichwani. Nikasema nitachukua nusu gunia. Nitapika pipa moja, litaisha kama lilivyoisha 2019, nitanunua mtama mwekundu sokoni kurudishia, na kitakachobaki kitakuwa mbuzi. Nilijua kununua kurudishia hakufai. Nilijiambia punje zikichanganyika na zile zilizobaki, nani atazitenga? Marehemu?

Hilo nililisema kwa sauti, peke yangu jikoni. Sitasahau kwamba nililisema.

Asubuhi nilipofungua gunia nikachota nusu, nikaitazama kwenye beseni, nikaona ni kidogo. Pipa moja kwa siku kama ile? Nikachota tena. Mwisho nilikung’uta gunia.

Kimea kinataka subira. Unaloweka mtama siku mbili, unaufunika kwa magunia yaliyolowana mpaka uote vijimizizi, unauanika, unausaga. Ukishaota haurudi kuwa mtama tena, hata ukilia. Uliota Jumatatu. Jumatano timu yetu ikacheza mechi ya kwanza na Moroko, ikafungwa tatu bila. Alhamisi fundi baiskeli akaja uso umeshuka, akakaa, hakuagiza chochote.

“Sasa Jumapili?” nikamuuliza.

“Jumapili ndiyo watakunywa,” akasema. “Watu wana majonzi, mama.”

Nikapika uji, nikachanganya kimea, nikaacha uchachuke.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza, nikarudi mbio, nikaanza kuchuja. Ilikuwa pombe nzuri kuliko zote nilizowahi kupika. Naweza kusema hivyo bila kujisifu kwa sababu sikuipika mimi, mtama ndio ulioipika. Ilikuwa nyekundu kama maji ya mvua yanayopita njiani Goweko, nzito kidogo, tamu mwanzoni na kali mwishoni. Saa saba mchana ilikuwa tayari. Mapipa mawili, mpaka kwenye mdomo.

Saa nane walikuja wawili. Saa tisa akaja mmoja, akanywa kopo moja, akasema anawahi siti.

“Siti ya wapi?” nikamuuliza.

“Pale barabarani, mama. Hujaona? Kimefungwa kioo kikubwa, ukuta mzima!”

Barabarani kulikuwa na baa ya kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nimeona mafundi wakipanda juu ya paa Ijumaa, nikadhani wanaziba bati. Kumbe aliweka kioo kikubwa cha televisheni na spika mbili, akaleta jenereta umeme usije ukamwangusha. Na hakutoza kiingilio. Alikuwa na akili kuliko hiyo. Sharti lake lilikuwa moja: kila aliyekaa awe na chupa mkononi au sahani mbele yake.

Saa kumi na moja nilikuwa nimekaa na mapipa yangu mawili na inzi. Kufika saa kumi na mbili na nusu nikafunika mapipa, nikachukua fedha za makopo yale machache, nikaenda kuwatafuta wateja wangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mlangoni mhudumu, binti mwenye aproni, alinizuia kwa heshima. “Shikamoo mama. Karibu, lakini lazima uwe na kinywaji.”

“Marahaba. Nimekuja kutazama watu tu.”

“Hata wa kutazama watu, mama.”

Nikanunua soda. Mimi, mwenye mapipa mawili ya pombe nyumbani, nilinunua soda ya chupa ili niingie kuwaona walionikimbia. Ndani walikuwepo wote. Watu waliozoea kilabu changu kwa miaka kumi. Watu ambao siku ya msiba wa mume wangu walikuja mikono mitupu wakasema, mama, hali unaijua. Hali niliijua, na sikumlaumu mtu. Sasa kila mmoja alikuwa na chupa. Sahani za chipsi zilipita juu ya vichwa. Mishikaki ilichomwa mlangoni na moshi wake ulikuwa mtamu kuliko wangu.

Halafu nikaangalia vizuri. Kwenye benchi la fundi baiskeli walikaa wanne na chupa moja ya bia. Mhudumu akikaribia, aliyekuwa nayo anaipenyeza kwa mwenzake mgongoni, yule anainua juu, “Ninayo, dada!” Akipita, chupa inahamia kwa wa tatu. Bia yenyewe ilikuwa robo, na imeshakuwa ya moto kwa kushikwashikwa. Hawakuwa wanakunywa. Walikuwa wanalipia kukaa.

Fundi aliponiona akapiga kelele, “Jamani, hata mama amekimbia kilabu chake!”

“Umenifanya nipike mapipa mawili,” nikamwambia.

“Mpira ukiisha tunakuja kuyamaliza. Kaa, kaa hapa mama. Wewe una chupa nzima, wewe ndiye tajiri wetu!”

Wakasogea. Nikakaa. Hapo ndipo ilipo aibu yangu kubwa kuliko ya mtama: nilikaa mpaka mwisho. Dakika ya kumi na kitu tukapata goli, nami nilisimama na nguo yangu nyeusi, nikapiga vigelegele. Mjane hapigi vigelegele kabla ya kumaliza msiba. Hata siku ya harusi ya jirani anakaa ndani. Niliruka, nikamshika mtu nisiyemjua bega, soda ikamwagika. Kwa muda ule sikuwa na marehemu wala mapipa. Nilikuwa na furaha. Naiandika kwa sababu ilikuwepo.

Wale wa Zambia wakabaki pungufu mmoja, tukaona mchezo umekwisha. Dakika chache kabla ya filimbi ya mwisho wakasawazisha kwa kichwa. Baa nzima ikanyamaza kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu. Kijana mwenye baa akapunguza sauti ya spika, akaanza kukusanya chupa.

Nilitangulia nyumbani, nikafunua mapipa, nikapanga makopo. Wakifungwa wanakunywa, wakitoka sare watakunywa pia. Nikasikia baiskeli zao zikipita, moja, mbili, na sauti ya fundi akisema, “Mama, lala salama, kesho ni jembe.” Hakuna aliyeingia. Huzuni ya mwezi wa sita inakunywa. Huzuni ya Januari haina kitu mfukoni, na kilichokuwepo kilikwisha achwa barabarani kwenye robo chupa ya bia ya moto.

Asubuhi yake wifi yangu, dada wa marehemu ambaye naye anakaa Ipuli, alikuja kabla sijafagia. Alisimama uani akavuta pumzi.

“Mwangaluka, wifi. Hii pombe imechachuka, ya nini nyingi hivi?”

“Niliipikia mpira.”

“Na nasikia mpira wenyewe uliutazama.”

Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia.

“Mtama gani huu?” akauliza.

“Wa sokoni,” nikasema.

Nilimwangalia usoni nilipokuwa nasema. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Jioni ile pombe ikawa siki kabisa. Nikawaita jirani zangu wenye nguruwe. Nguruwe walikunywa pipa zima na nusu, wakalala wamejinyoosha juani siku ya pili, watoto wa mtaa wakija kuwacheka. Jirani akaniambia, “Dada, hawa leo wameona goli.” Nikacheka, kwa kuwa ukikataa kucheka watu watauliza kwa nini.

Kisha nikaanza kutafuta mtama mwekundu. Soko kuu walikuwa na mweupe. Nikazunguka kwa wenye maduka ya nafaka, mmoja akanionyesha uliochanganyika, mweupe na mwekundu, nusu kwa nusu, wa kutoka Shinyanga, akasema. Mume wangu alikuwa ameacha mabati manne ya kuezekea jiko. Niliyauza, nikanunua mtama ule na mchele kidogo. Mbuzi hakufikika. Usiku wa siku mbili nilikaa na ungo nikichambua punje nyekundu kutoka kwenye nyeupe, nikachoka, nikaacha. Nikapika ilivyo.

Jumamosi ya kumaliza msiba watu wa Goweko waliingia asubuhi, kumi na wanne. Shemeji alinisalimia vizuri. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watoto na alikuwa na furaha ya mtu anayekuja kutua mzigo. Tukaenda makaburini. Katekista akasali, akasoma, akatubariki, akaangalia saa yake, akaaga.

Wifi akanipa kata, mimi nikachota pombe kwenye ndoo, nikampa shemeji kwa mikono miwili nikiwa nimepiga magoti, kama inavyotakiwa. Aliipokea. Akaitazama. Ilikuwa na rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi.

Nilijua bado nina nafasi. Angeweza kudhani ni maji yamezidi. Angeweza kumwaga, na mambo yakaisha, na mimi ndiye peke yangu ningebaki najua. Nilimwona akitafuta namna ya kutouliza. Alikuwa mtu mwema. Lakini aliuliza.

“Shemeji. Huu ndio ule niliokuletea?”

“Hapana.”

Wifi alisema, “Mungu wangu.”

“Ule uko wapi?”

“Niliupika Januari. Niliupikia mpira, nikijua watu watakuja wanywe, nipate cha kununua mbuzi wa leo. Hawakuja. Uliharibika. Nusu walikunywa nguruwe, zaidi ya nusu.”

“Wote?”

“Wote.”

Alikaa na kata mkononi. Nilitegemea anipige na ningepokea. Alitazama kaburi, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, kama tuko wawili tu:

“Na hao wa mpira, walishinda?”

“Walitoka sare.”

Kijana mmoja wa Goweko akaanza kucheka, akajiziba mdomo. Shemeji hakucheka. Aliimwaga ile pombe pembeni, mbali, kwenye majani ya njiani. Akaomba maji. Wifi akampa chupa ya maji aliyokuja nayo ya kunywa, shemeji akamwaga hayo juu ya kaburi, akasema kwa Kinyamwezi maneno machache sana. Alimwambia ndugu yake asamehe, leo wamekuja na maji.

Kisha akanigeukia. “Nguo utaendelea nayo. Mvua zikianza uje Goweko ulime lile shamba, uvune, tupike. Hapo tutakuvua.”

“Nimesikia,” nikasema.

Wifi alikuwa na kanga mpya ya kunivika, imekunjwa kwapani. Aliiacha hapo hapo kwapani tukarudi nayo nyumbani.

Nyumbani tulikula. Ugali, mlenda, na wali kidogo uliofika kwa wakubwa peke yao. Majirani walikuja wengi kama wanavyokuja panapopikwa. Walikula vizuri, wakanisifia mboga, na ilipokaribia alasiri wanaume wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, wakisema wanawahi ligi ya Ulaya. Fundi baiskeli aliondoka na kipande cha ugali mkononi. Shemeji na watu wake walibaki wamekaa kwenye mkeka, hawakujua wanaume wanakwenda wapi, mpaka mtu akawaeleza.

Kijana mwenye baa naye alikuwa amekuja kula. Alinawa mikono, akaja kuniaga, akasema pole, akasema hakujua kwamba leo ni siku kubwa kiasi hicho. Halafu akasogea karibu.

“Mama, kesho ni fainali ya Kombe la Afrika. Nyama ninazo, ila sina mtu wa karanga. Ukikaa pale mlangoni na karanga zako za kukaanga, sikutozi chochote. Na soda yako ipo.”

Nikamwambia nitaangalia.

Ndani mwangu hakukuwa na mtama, hakukuwa na mchele, na unga ulikuwa wa siku mbili. Jumapili asubuhi shemeji na watu wake walipanda treni kurudi Goweko. Niliwasindikiza stesheni. Mchana nilikopa karanga kwa jirani wa nguruwe, nikazikaanga na chumvi, nikazifunga kwenye karatasi za madaftari. Jioni nikaenda na nguo yangu nyeusi, nikakaa mlangoni kwenye kigoda. Wote walinunua, na fundi alinunua mara mbili. Karanga ziliisha kabla mpira haujaanza.